Meli Isiyojua Jina Langu Siipandi



Mliohudhuria kikao cha mwezi uliopita mnajua kilichotokea. Ajenda ilikuwa nyepesi tu, safari ya kufunga mwaka iwe wapi. Mmoja akasema Blue Mountains kama kawaida yetu. Mwingine akasema tukachome nyama ufukweni Brighton-Le-Sands. Mimi kwa kiherehere changu nikasimama nikasema safari hii twende na meli, siku tatu baharini, tuondoke Ijumaa turudi Jumatatu. Kikao kikachafuka pale pale. Kuna waliosema huo ni ufujaji, watu nyumbani wanasubiri ada za wadogo zao. Kuna aliyesema meli hizo ni za wazee wa Kizungu waliostaafu. Halafu dada yetu mmoja wa kutoka Pemba, ambaye kwa kawaida huwa haongei kikaoni, akasema maneno matatu tu, "Mimi meli sipandi," na sisi tukacheka.

Na mimi nilicheka, sikatai. Lakini nilipofika nyumbani usiku ule kile kicheko kilinikaa vibaya kooni. Nimeongea naye baadaye, nikamwomba radhi, na ameniruhusu niandike haya. Kwa hiyo hoja yangu ya leo ina sehemu mbili. Kwanza nitawalinganishia bandari, makampuni na meli kama mlivyoniomba, kwa sababu mnaniita Kapteni na lazima jina nilifanyie kazi. Pili nitawaambia kipimo changu mimi cha meli nzuri, ambacho hakimo kwenye vipeperushi vya mawakala.

Nianze kwa kujieleza. Nipo hapa Sydney mwaka wa nne nasomea shahada ya juu ya uhandisi wa mitambo, na katika muda huo nimesafiri na meli za utalii mara saba. Tafadhali msinifikirie mtoto wa tajiri. Jumamosi na Jumapili nabeba maboksi kwenye ghala kama wengi wenu. Siri yangu ni kwamba sinunui tiketi mapema, nasubiri wiki za mwisho wanaposhusha bei ili vyumba visibaki tupu, tunajibana wanne chumba kimoja cha ndani kisicho na dirisha, na nasafiri wakati shule za hapa hazijafunga. Safari yangu ya mwisho, usiku tatu, ilinigharimu kama dola mia nne, chakula na kitanda ndani yake. Hesabu wewe mwenyewe siku tatu za hoteli na kula Gold Coast ni kiasi gani.

BANDARI

Sydney ina vituo viwili vya meli za abiria, na wakala anaweza asikwambie utaondokea kipi mpaka ukisome mwenyewe kwenye tiketi. Cha kwanza ni Overseas Passenger Terminal pale Circular Quay, kilichofunguliwa 1960, ukitazama Opera House ng'ambo ya maji. Unashuka treni, unavuta sanduku lako dakika tano, umefika. Cha pili ni White Bay, upande wa Balmain, kilichofunguliwa 2013. Kule hakuna treni na basi halikufikishi mlangoni, kwa hiyo jipange na teksi, mchangie nauli.

Kwa nini viwili? Hapa uhandisi unaingia. Nafasi kati ya maji na tumbo la daraja la Harbour Bridge ni kama mita 49. White Bay iko ndani, nyuma ya daraja, kwa hiyo meli ndefu kwenda juu haiwezi kupita kwenda huko, lazima iishie Circular Quay. Daraja lilifunguliwa 1932 na waliolijenga hawakuota kwamba siku moja meli zitakuwa maghorofa. Ndiyo maana mkisikia watu wa hapa wanagombana kuhusu bandari mpya ya meli za utalii, chanzo chake kikubwa ni hizo mita 49.

Brisbane walijenga kituo kipya kule Luggage Point, mdomoni mwa mto, na meli zilianza kukitumia 2022. Ni kizuri na hakina daraja la kukizuia, ila kiko mbali na mji na ukiongeza nauli ya kutoka Sydney hadi huko faida yote inakwisha. Melbourne wana Station Pier, gati la zamani la mbao na zege, na raha yake ni kwamba tramu namba 109 inakushusha jirani kabisa. Ile meli ya kwenda Tasmania iliyokuwa ikiondokea hapo ilihamia Geelong mwaka 2022, kwa hiyo msijichanganye.

Alama zangu: Circular Quay kwanza, Melbourne pili, White Bay tatu, Brisbane nne. Na kuondoka Circular Quay jioni taa zikiwaka, jamani, hata mimi niliyezoea huwa napanda juu kutazama.

MAKAMPUNI NA MELI

Nilianza na Pacific Explorer ya P&O, meli ya 1997 yenye abiria kama elfu mbili. Ilikuwa ya kizamani kidogo, njia zake nyembamba, lakini ukipotea hupotei sana. Iliondoka Australia Februari 2025, na mwezi uliofuata jina lenyewe la P&O Australia likafutwa, meli zake zilizobaki zikaingizwa Carnival. Kwa hiyo mkikuta tangazo la zamani, meli mnayoiona humo huenda leo ina jina jingine.

Carnival Splendor ya 2008 ndiyo ya bajeti yetu. Kelele nyingi, muziki mwingi, mabomba ya kuteleza kwenye maji, baga za bure mchana kutwa. Kama unataka kusoma tasnifu yako baharini, hiyo siyo meli yako. Kama umetoka kwenye mitihani umechoka, twende.

Royal Caribbean ni ghali zaidi lakini kwa mtu wa uhandisi ni chuo kingine. Ovation of the Seas, iliyofika Sydney mara ya kwanza Desemba 2016, ina urefu wa mita 348 na ikijaa inabeba abiria karibu 4,900. Ina chumba cha kioo kinachonyanyuliwa na mkono wa chuma juu ya bahari. Nilipanda mara mbili, na mara zote mbili niliangalia bawaba badala ya mandhari.

Mambo madogo ambayo hamtaambiwa: soda na intaneti ndiko wanakokula hela yenu. Wanaokula halali watoe taarifa wiki kadhaa kabla, siyo mezani. Na kubwa kuliko yote, angalieni viza zenu. Ukienda Noumea au Vanuatu umetoka Australia hata kama sanduku lako limebaki chumbani, na nchi hizo zina masharti yake kwa pasipoti zetu. Mwenye viza ya wanafunzi asome kama inamruhusu kurudi. Na mwenye Bridging Visa A asithubutu kabisa: ile haikurudishi, ukitoka imekufa. Nawafahamu waliojifunza hilo kwa machozi uwanja wa ndege, sembuse baharini.

Hayo ndiyo mliyoniomba. Sasa nije kwenye kipimo changu.

SWALI LA MAMA

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Nilizaliwa mwishoni mwa 1995, kwa hiyo tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama ikitokea Bukoba, mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Sikumbuki chochote, ila nimelelewa ndani yake. Kwetu ziwa lilikuwa kama mita mia nne kutoka mlangoni na sikuruhusiwa kujifunza kuogelea. Makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa marehemu wale, tulikuwa tunapita na daladala, na watu wazima hunyamaza wakipita pale mpaka leo.

Kwa hiyo safari yangu ya kwanza hapa sikumwambia mama mapema. Nilimpigia nikiwa kwenye foleni pale White Bay, sanduku mkononi. Nilitegemea atalia, au atanikataza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza jambo moja tu. "Wameandika jina lako?"

Nikamwambia mama, hawa wameandika jina, pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya chumba, mtu wa kumpigia likitokea la kutokea, na wamenipiga picha ya uso. Akasema, "Basi nenda baba, ila ukae juu."

Mwanzoni nilidhani hilo ni swali la mama wa uswahilini aliyezoea ofisi. Nilikuja kulielewa ndani ya meli, saa moja baadaye, kwenye zoezi la dharura. Kila abiria, awe wa chumba cha kifahari au wa chumba changu kile kisicho na dirisha, anapangiwa kituo chake cha kukusanyika. Unaonyeshwa jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea. Unafundishwa mlio: honi fupi saba na moja ndefu. Siku hizi sehemu kubwa unaitazama kwenye simu au runinga ya chumbani, lakini lazima ufike kituoni kwa miguu yako na kadi yako isomwe na mashine. Usipofika, unaitwa kwa jina kwenye spika meli nzima isikie. Jirani yangu wa chumba alijificha bafuni, akaitwa mara tatu, akatoka na povu la mswaki mdomoni.

Wakati kila mtu anacheka mimi nilikuwa nahesabu. Meli ina watu maelfu, na kabla haijafika mbali na gati kuna mtu humo ndani anajua kwamba mmoja hajaonekana na anajua ni nani.

NYUMBANI

Sasa linganisheni. MV Bukoba iliruhusiwa kubeba watu 430. Orodha iliyokuwepo ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili, majina 443. Daraja la tatu, ambako ndiko wamo watu wa ndizi na watoto na wanafunzi, hawakuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo, miaka yote hii, ukitafuta idadi ya waliokufa utapata zaidi ya mia tano kwa mmoja, mia nane na tisini na kitu kwa mwingine, na elfu moja kwa wa tatu. Wote hao wanaongelea meli ile ile. Tofauti kati ya namba hizo ni watu wenye mama zao.

MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, ikielekea Pemba. Iliruhusiwa kubeba watu wasiofika 700. Miezi minne baadaye tume ya uchunguzi ikasema waliokuwa ndani walizidi 2,400. Maiti zilizopatikana zilikuwa mia mbili na kitu. Hao wengine walijulikanaje? Kwa ndugu zao kujitokeza kwa masheha na kusema, wa kwetu hajarudi. Kwa maneno mengine, orodha ya abiria iliandikwa baada ya safari, na waliofiwa ndio walioiandika. Julai 2012 ikaja MV Skagit karibu na Chumbe. Dada yetu aliposema "mimi meli sipandi" alikuwa anazungumza kutoka huko, na sisi tukadhani anaogopa kutapika.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kabla ya kufika gati la Ukara, kule Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa ni 228. Fundi mmoja wa mitambo alitolewa hai siku mbili baadaye kutoka chumba cha injini. Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, na ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii mada ya uthabiti wa vyombo vya majini, ambayo kabla ya hapo nilikuwa naisoma ili nifaulu tu.

Niruhusuni niwe mwalimu kwa aya moja. Chombo kikilala upande kidogo, maji yanakisukuma kirudi wima, mradi uzito wake uko chini. Ukiongeza watu na magunia sitaha ya juu, kitovu cha uzito kinapanda, na ile nguvu ya kurudi wima inapungua mpaka inafika sifuri. Hapo chombo bado kinaelea na kinaonekana salama kabisa. Kisha watu wanaona gati, wanasogea wote upande mmoja ili wawahi kushuka, na kimekwisha. Nahodha anaweza kukwepa hayo kwa hesabu, na hesabu hiyo mstari wake wa kwanza ni idadi ya watu. Kama haijui, hana cha kukokotoa. Watu wanadhani orodha ya abiria ni karatasi ya baada ya ajali. Hapana. Orodha ni kifaa cha usalama kabla ya ajali, sawasawa na usukani. Meli isiyojua jina lako haijui pia uzito wako.

MHUDUMU WA LIKONI

Kwenye safari yangu ya tatu tulikuwa tunabishana kwa Kiswahili kwenye foleni ya chakula, mara mhudumu aliyekuwa anapanga sahani akasema, "Karibuni ndugu zangu, Mombasa hapa." Kijana wa Likoni, mwaka wa tano baharini. Hawa wapo wengi kuliko mnavyofikiri, Wakenya kwenye meli hizi, wakifanya kazi miezi mingi mfululizo bila kuona nyumbani na mishahara ambayo mimi na wewe kwenye ghala tungeikataa. Meli nyingi kati ya hizi zina bendera za Bahama au Panama, na bendera hizo hazikuchaguliwa kwa uzuri wa rangi zake. Nalisema hili ili msidhani naziimbia sifa tu.

Nilimuuliza kitu gani kilimshangaza alipoanza kazi. Nilidhani atasema mabwawa ya kuogelea au vyakula vinavyotupwa. Akanionyesha kadi shingoni mwake. "Hii namba hapa ni ya dharura. Mimi kazi yangu ni sahani, lakini ikilia ile honi, kazi yangu ni ngazi ya upande wa kushoto, nahesabu watu wangu. Nyumbani nimevuka feri maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kunihesabu."

Mjomba wake alikuwa ameniambia, samahani, alikuwa amemwambia yeye, habari za Mtongwe: tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyojaa watu wa kwenda kazini asubuhi, watu 272 wakafa karibu kabisa na nchi kavu. Feri ya Likoni mtembea kwa miguu halipi, na ni safari ya dakika chache, kwa hiyo sisemi kila mtu aandikishe jina akivuka kwenda sokoni. Lakini kuhesabu? Geti la kuzunguka kama la stesheni zetu hapa linaweza kuhesabu. Likifika namba, linafunga. Hiyo siyo teknolojia ya anga.

"LAKINI HAWA WANA HELA"

Najua mtaniambia hivyo, na ndiyo hoja ninayoichukia kuliko zote. Sikilizeni hii. Mnaijua MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam na kupandishwa reli ya Kigoma, ikaunganishwa tena huko. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916 wakiwa wamepaka mitambo grisi isiharibike, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina lake la sasa. Iliwabeba wazee wetu kwa karibu miaka tisini.

Unajua ilijengwa wapi? Papenburg, Ujerumani, kiwanda cha Meyer. Na Ovation of the Seas, ile ya chumba cha kioo, ilijengwa wapi? Papenburg, kiwanda hicho hicho cha Meyer, 2016. Kwa hiyo msiniambie sisi hatukupata meli nzuri. Tulipata meli kutoka duka moja na hawa, miaka mia kabla yao, na ikadumu kuliko yeyote kati yetu. Na leo meli zinajengwa kwetu: MV Mwanza ya abiria 1,200 imejengwa Mwanza na kushushwa majini Februari 2023. Daraja la Kigongo–Busisi, kama kilometa tatu juu ya ziwa, lilifunguliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kivuko. Hela za chuma na zege tumezipata. Daftari na kalamu getini zinatushinda nini?

Wala hawa si malaika. Costa Concordia ilizama Italia tarehe 13 Januari 2012 ikiwa na watu zaidi ya 4,200, na abiria karibu mia saba waliopanda siku ile hawakuwa wamefanya zoezi la dharura. Sheria ya kimataifa ikabadilishwa, zoezi liwe kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Lakini angalieni kilichofuata. Walikufa watu 32, wanajulikana wote kwa majina, na mmoja wao, mhudumu kutoka India, alitafutwa mpaka mabaki yake yakapatikana Novemba 2014, karibu miaka mitatu baadaye, ndani ya mabati yaliyokuwa yanakatwa. Mhudumu wa sahani, kama yule ndugu yetu wa Likoni. Walijua wanamtafuta nani.

Na hapa hapa Sydney, Machi 2020, Ruby Princess ilishusha abiria kama 2,650 pale Circular Quay huku ugonjwa wa korona ukiwa ndani, na vifo 28 vikahusishwa nayo. Lilikuwa kosa kubwa na serikali ya jimbo ikaunda tume. Lakini abiria walifuatiliwa mpaka majumbani mwao kwa sababu kila mmoja alikuwa na jina na anwani kwenye orodha. Kosa lilifanyika, ila lilikuwa na pa kuanzia kurekebishwa.

Mimi mwenyewe sina usafi wa kuwahukumu wengine. Miaka ya nyuma nikiwa likizo nilipanda chombo kimoja, sitakitaja, tiketi zikawa zimekwisha, mtu akaniuzia yake pembeni. Jina lililoandikwa lilikuwa la mwanamke. Mkaguzi akaisoma, akaniangalia ndevu zangu, akatabasamu, nikapita. Nilifurahi sana siku ile kwamba nimewahi. Leo nikifikiria, chombo kile kingezama ningekufa mwanamke, na mama angekuwa getini anasoma orodha ambayo mimi simo.

HOJA

Kwanza, safari yetu ya kufunga mwaka iende, kwa anayetaka na mwenye uwezo, na isigeuzwe deni kwa yeyote. Asiyetaka meli tuchome naye nyama Brighton-Le-Sands kabla hatujaondoka, na asiulizwe sababu. Pili, tutakaokwenda tufanye zoezi la dharura wote, bila mzaha na bila kujificha bafuni. Nyie mnajijua.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike kurasa zote hizi. Desemba wengi wenu mnakwenda nyumbani. Mtavuka kwenda Unguja, Pemba, Ukerewe, Kalangala, Kigamboni. Boti za Dar na Unguja siku hizi tiketi zake huandikwa jina, na hilo lisifiwe. Lakini tiketi yenye jina haina maana kama wewe uliyesoma ughaibuni unanunua ya mtu mwingine kwa sababu una haraka. Nunua kwa jina lako. Wakikuandika vibaya, rudisha waandike upya. Ukiona sitaha imejaa kupita maandishi ya uwezo yaliyobandikwa ukutani, shuka, piga kelele, na uwe tayari kuonekana mshamba wa Australia. Mtoto naye aandikwe, hata kama hajalipiwa nauli.

Na wana kompyuta wa jumuiya hii, nyie mnaotengeneza programu za kuagiza pizza: kifaa cha kuhesabu watu getini na kutuma orodha nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa ni mradi wa muhula mmoja. Niko tayari kuwasaidia upande wa hesabu za uthabiti. Nitafuteni maktaba, ghorofa ya tatu, Jumatano.

Dada yangu wa Pemba, wewe hukukosea, sisi tuliocheka ndio hatukusikia. Umesema meli hupandi na hakuna atakayekulazimisha. Lakini kama siku moja utabadili mawazo, nitasimama nawe kwenye foleni pale Circular Quay, na kabla hujakanyaga ngazi tutamuuliza yule wa mezani swali lile la mama, mpaka atuonyeshe jina lako kwenye kioo, herufi kwa herufi.

Naomba kutoa hoja.